Mbwa anachimba, anatafuna, anabomoa: mnyororo, banda, wavu au umpe shimo lake? Tulinganishe

Barazani kwangu kuna ndala tano, zote za mguu wa kulia. Za kushoto alizimaliza Chui, mbwa wangu, koko aliyechanganyika na German Shepherd, enzi hizo ana miezi minne hivi, na kwa nini ni za kushoto tu mpaka leo sijapata jibu. Alipomaliza ndala akahamia ardhini. Akachimba chini ya mpera, akachimba tuta la mchicha la mama watoto, akachimba kona ya geti mpaka kichwa kikatokea barabarani, na siku moja mchana wa Februari akaufikia mpira wa maji unaotoka kwenye mita, akautafuna, tukarudi jioni uwanja umekuwa bwawa na yeye kakaa katikati amepoa zake, mkia unapiga matope pa pa pa.

Toka siku hiyo nimejaribu karibu kila kitu ambacho mtu aliwahi kuniambia. Mnyororo, banda, mawe, wavu wa kuku, pilipili, mavi yake mwenyewe (ndiyo, umesoma vizuri, tutafika), matembezi, kuhasi. Vingine nilimfanyia Chui, vingine Popi, jike ambaye jirani aliniachia alipohamishiwa Dodoma. Hapa naviweka kimoja pembeni ya kingine ili uchague, ila nikuambie mapema, watu wanauliza "nifanyeje aache kuchimba" wakati cha kujiuliza kwanza ni anachimba wapi na saa ngapi, ukishajua hayo mawili nusu ya hizi njia unazitupa hapo hapo bila kutoa hata mia.

Lisome shimo kwanza

Shimo la joto ni pana, lina umbo la bakuli, liko chini ya mti au upande wa ukuta wenye kivuli au pembeni ya tenki pale panapodondoka maji, na kati ya saa tano na saa tisa mchana utamkuta mwenyewe kajikunja humo. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, jasho lake ni la nyayoni tu na kidogo sana, kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema, sasa udongo wa chini wenye ubaridi kwake ndo feni. Huyo hana kosa lolote jamani. Ukienda nyumba za Dar mwezi wa kwanza na wa pili, ua zima limepigwa zege na kivuli hakuna, halafu mtu analalamika mbwa kamchimbia kwenye kaeneo kadogo ka maua kalikobaki, sasa ulitaka akalale wapi?

Shimo la kutoroka linafuata ukuta au geti, ni jembamba na limelalia upande wa nje. La kuwinda linakuwa kama mtaro, linaanza hapa linaishia kule, na ukimwangalia kabla hajaanza anasimama, kichwa kimeinama upande mmoja, masikio yamesimama, anasikiliza, ndo anashuka na miguu yote miwili, hapo ujue chini kuna fuko au panya. La kuhifadhi ni dogo, kaweka mfupa na kufukia kwa pua, utaona pua ina udongo juu kama kavaa kofia. Jike naye ana shimo lake, anajiandalia pa kuzalia, mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na anaweza kulichimba hata kama hana mimba kabisa, mwezi na nusu au miwili baada ya kutoka kwenye joto (kile kipindi cha kutaka dume) mwili unamdanganya, anachimba, anabeba ndala anailalia kama mtoto, mpaka maziwa yanatoka. Popi alinifanyia hivyo na kiatu cha shule cha mtoto, akawa anamngurumia kila anayekisogelea.

Halafu kuna mashimo ya kukosa kazi. Haya yako kila mahali bila mpangilio, na pamoja nayo kuna ndoo imetafunwa, ufagio umebaki fimbo, nguo zimeshushwa kwenye kamba. Tofautisha na yule mwenye hofu ya kuachwa peke yake, huyo uharibifu wake uko mlangoni na madirishani, anakwangua mbao mpaka kucha zinatoa damu, mate yanamwagika, na anaanza dakika chache tu baada ya wewe kutoka. Huyo wa mwisho usimchukulie kama mtundu, ni mgonjwa wa hofu, na karibu kila adhabu iliyopo inamzidishia.

Na kuna damu, yaani asili yake. Mbwa aina ya teria, jina lenyewe limetokana na terra, Kilatini cha ardhi, walizalishwa kuingia mashimoni. Dachshund, yule mrefu mwenye miguu ya stuli, jina lake kwa Kijerumani linamtaja mnyama wa jamii ya nyegere aliyekuwa akimfuata chini ya ardhi. Ukinunua hao halafu ukataka wasichimbe umenunua samaki ukataka asiogelee.

Mnyororo na banda

Hapa ndo wengi tunaanzia kwa sababu ni rahisi. Mnyororo unaununua dukani leo, leo leo tatizo linaonekana limeisha. Nilimfunga Chui kwenye mpera wiki mbili. Matokeo ni kwamba alichimba duara, duara safi kabisa kama limepimwa na fundi, urefu wa mnyororo ndo ukawa mpaka wa shimo, mizizi ya mpera ikabaki nje. Kubweka kukaongezeka, akaanza kumrukia hata dada wa kazi anayempa chakula kila siku, na shingoni chini ya manyoya nikakuta pamechubuka, nzi washaanza kupaangalia kwa jicho la tamaa. Pale ndo nikaacha. Na kwa wasiojua, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama wako mwenyewe nako ni kosa, sio lazima awe wa jirani.

Banda ni gharama zaidi, mbao, bati, wavu mgumu, sakafu ya zege ili asichimbe humo humo, lakini ukililinganisha na mnyororo linashinda, kwa masharti. La kwanza liwe la kulala na kupumzika, lisiwe jela. Asimame bila kuinama, ageuke, ajinyooshe alale ubavu, maji yawepo muda wote. Bati tupu kwa jua la pwani ni oveni, weka makuti juu ya bati au lijenge chini ya mti. Sharti la pili ndo watu wanakosea: utaratibu wetu wa kawaida mbwa anafungiwa alfajiri, anafunguliwa usiku alinde. Zaidi ya masaa kumi na mbili kakaa tu. Ukimfungulia saa mbili usiku ana nguvu za siku nzima, wewe umelala, anazimalizia wapi? Kwenye mchicha. Kwa hiyo banda halikuondoa shimo, limelihamisha tu kutoka mchana kwenda usiku, na usiku humuoni ukamzuia.

Kwangu mimi banda alichukue mtu ambaye mchana kuna wageni, mafundi, watoto wanaingia na kutoka, na yuko tayari kumtoa mbwa nusu saa kabla ya kumfungia. Asiye tayari kwa hiyo nusu saa asipoteze mbao.

Kuziba shimo au kumpa la kwake

Kuziba kwa udongo tu usijisumbue, umemlainishia, kesho analichimba kwa nusu ya muda. Mawe makubwa yanasaidia kwa shimo moja moja. Wavu wa kuku ni mzuri kuliko mawe kama ni bustani nzima, unautandaza chini ya udongo sentimita tano hivi, mbwa akikwangua anagusa waya hapendi anaondoka, mche unapanda katikati ya matundu, ila kingo zikunje ziangalie chini maana waya ukibaki wazi unamkata nyayo na nyayo ya mbwa ikikatika inachukua muda kupona kwa vile analamba na kutembelea.

Kwenye ukuta na geti, yaani kwa mtorokaji, wavu unaukunja kama herufi L, upande mmoja unapanda na uzio, upande wa pili unalala chini kuingia ndani nusu mita hivi, unaufunika udongo na kuugongea vigingi. Mbwa anachimba pale pale ukuta unapoishia, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanzie huko. Wenye hela wanamwaga mkanda wa zege pembeni ya ukuta. Zege linadumu, wavu unaoza kwa kutu hasa karibu na bahari, kwa hiyo kama nyumba ni yako piga zege, kama umepanga weka wavu, mwenye nyumba hatakurudishia hela ya zege hata siku moja.

Sasa mavi. Wazo ni kwamba unaweka kinyesi chake mwenyewe shimoni, unafukia kidogo, hatarudi maana hapendi kugusa uchafu wake. Kweli hakurudi. Alisogea mita moja kushoto. Na wapo mbwa wanaoyala, na kama hajapewa dawa ya minyoo umepanda minyoo pale watoto wanapocheza. Mimi siirudii.

Upande wa pili ni kumpa shimo lake halali, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo kitu kilichonishangaza. Nilidharau. Nilichukua kona ya kivulini nyuma ya jiko, upana mita moja, urefu moja na nusu, nikachimba mwenyewe kama nusu mita kwenda chini, nikazungushia tofali za kuchoma mstari mmoja, nikajaza mchanga wa kujengea uliobaki. Siku ya kwanza nikafukia mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, nusu unaonekana, na dagaa kumi hivi juu juu. Akaja, akanusa, akaniangalia mimi, akaangalia mchanga, akaniangalia tena, yaani kama mtu anayeuliza kweli naruhusiwa au huu ni mtego. Nikakwangua mimi kwa mkono. Basi mchanga uliruka mpaka dirishani.

Wiki mbili za kwanza ni kazi, usidanganywe. Kila akianza kuchimba kwingine unamwita, hupigi kelele za hasira, unampeleka kwenye mchanga wake, akikwangua tu pale unamsifu na kumpa kitu. Kila asubuhi kabla ya kutoka unafukia vitu viwili vitatu, kila siku kwa kina tofauti. Wiki ya tatu alikuwa anakwenda mwenyewe. Mchana anamwagiwa maji kidogo pale, analala humo humo, kwa hiyo shimo la joto na shimo la kukosa kazi vyote vikahamia kona moja.

Kasoro zipo. Masika pakawa dimbwi, mbu wakafurahi, ikabidi niweke turubai na kutoboa njia ya maji. Paka wa mtaa nao waligundua ni choo kizuri. Na kwa mtorokaji au mwindaji wa fuko haifanyi kazi peke yake, mtorokaji hatafuti mchanga, anatafuta barabara. Lakini ukiniambia nichague kimoja kwa mbwa wa kawaida anayechoka na joto na upweke, hiki.

Vya kunyunyizia

Hapa nitapita haraka maana nina hasira navyo. Pilipili ya unga inapeperuka, inaingia machoni, mbwa anajikuna uso na nyayo zenye pilipili, mvua moja imekwisha, na mtoto wa jirani anayechezea pale naye yumo. Oili chafu ya gari, ambayo wengi wanapaka kwenye nguzo na kumwaga kando ya ukuta, ni sumu, mbwa anaikanyaga halafu anajilamba. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, pia ni sumu, usiviweke shimoni hata kama jirani kakuapia. Siki na limao havina madhara ya maana, kwenye miguu ya kochi vinafukuza wengine kwa masaa machache, Chui alilamba limao lote akanisogelea kuomba lingine. Kama utalazimika kuchagua humu chukua siki, ila mimi hiyo hela ningenunulia dagaa.

Ua kubwa, matembezi, au kazi ya pua

"Mbwa wangu ana robo eka, anakimbia atakavyo." Hakimbii. Mkae mumwangalie, anazunguka dakika tano, anakojolea mpera, analala. Ua ni lile lile kila siku, harufu zile zile, baada ya mwezi kwake ni chumba kikubwa tu. Ua kubwa bila mtu ni sehemu kubwa zaidi ya kuchimba.

Matembezi ya dakika 30 au 40 asubuhi yalinipunguzia uharibifu kuliko kitu chochote nilicholipia dukani. Anatoka, ananusa kila jiwe, anarudi amechoka kichwa na miguu. Shida zake kwetu zinajulikana. Watu wanaogopa mbwa, bodaboda zinapita, mbwa wa mtaani wanakuja kwa kundi. Majirani zangu wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu kashatawadha anawahi swala ya alfajiri halafu mbwa wako ampake pua kwenye kanzu, hapana, mimi natoka baada ya swala na kamba nashika fupi, nikikutana na mtu nasimama pembeni anapita yeye kwanza, "shikamoo mzee", tumeishi vizuri miaka yote.

Ila najua wengine saa kumi na moja alfajiri ushakuwa kituoni unagombania gari, hayo matembezi utayafanya saa ngapi. Hapo ndo kazi ya pua inashinda. Badala ya kumwekea chakula kwenye bakuli akamaliza kwa sekunde 40, unakitawanya kwenye nyasi, au unatia dagaa kwenye boksi lililojaa makaratasi, au chupa ya plastiki umeitoboa tobo na kifuniko umekitoa, aigaragaze mpaka vidondoke, chupa ukaiondoa akianza kuitafuna yenyewe. Ni dakika kumi, kumi na tano za kunusa na kufikiri na zinamchosha kweli, utashangaa analala. Haziondoi kabisa haja ya kutembea, ila kati ya kazi ya pua kila siku na matembezi ya Jumapili kwa Jumapili, chukua ya kila siku, na ukipata nafasi fanya zote.

Cha kutafuna: ndala ya zamani, mfupa, kwato au mpira

Kama mbwa ana miezi mitatu mpaka saba, kabla ya kumlaumu kumbuka kinywani kunabomolewa na kujengwa. Meno ya utoto ni 28, yanaanza kung'oka miezi mitatu minne, na yakiisha kuota ya ukubwani anakuwa na 42. Fizi zinamuwasha, lazima atafune, chaguo lako ni atafune nini. Kitambaa kigumu umekilowanisha ukakifunga fundo na kukigandisha kwenye friza ni rahisi na kinampoza, ukae naye tu asikimeze. Karoti baridi pia.

Ndala ya zamani ndo kosa langu la kwanza. Nilimpa moja iliyochoka nikidhani nampunguzia tamaa, kumbe namfundisha kwamba ndala ni chakula, yeye atajuaje hii imechoka na ile ni ya mama mkwe kaja juzi kutoka Tanga?

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hapana, inapasuka kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Mbichi kubwa ya goti sawa, ukiwa unamwangalia, na akianza kumega vipande unaichukua. Kwato na mfupa mgumu wa paja mbwa wanapenda sana na machinjioni utapewa bure, ila vinavunja meno ya nyuma, kipimo changu nikibonyeza kwa kucha ya dole gumba na haiachi hata alama basi ni kigumu mno kwa jino. Kamba ya katani na makumbi ya nazi vinavutia na ni bure kwetu pwani, shida ni nyuzi, akizimeza zinajifunga tumboni, sivitoi bila kukaa hapo. Muhogo mbichi usimpe kabisa.

Mipira migumu ya kujaza chakula ndani ni ghali, lakini ndo kitu pekee cha dukani ninachokitetea. Ile ya Kong ina historia nzuri. Miaka ya 1970 huko Marekani jamaa mmoja, Joe Markham, alikuwa na German Shepherd mstaafu wa polisi anaitwa Fritz, anatafuna mawe mpaka meno yanakwisha. Markham yuko chini ya gari lake la Volkswagen anatengeneza, anamrushia vipuri ili aache mawe, Fritz akavikataa vyote akakamata kipande cha mpira cha kwenye sasipensheni. Umbo la Kong limetoka hapo. Sasa nawajua mafundi wetu, mtu atasoma hapa aende gereji kuchukua bushi ya zamani, usifanye hivyo, imelowa grisi na oili, na ile ya mbwa mpira wake ni wa kazi hiyo. Mimi najaza ugali na mchuzi wa dagaa usio na kitunguu wala chumvi, nagandisha usiku, asubuhi natoka namwachia. Anahangaika nao zaidi ya nusu saa. Ukilinganisha bei, mpira mmoja na ndala tano, piga hesabu mwenyewe.

Kumchapa baadaye au kumkatiza pale pale

Umerudi jioni, shimo lipo, unamburuta mpaka shimoni, unamwonyesha, kofi. Anainamisha masikio, mkia katikati ya miguu, wewe unasema "umeona, anajua kosa lake". Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima hilo hilo, mbwa 14, mwenye mbwa anatoka chumbani akiwa amemkataza asile kitu, wakati mwingine mbwa anakila na wakati mwingine kinaondolewa tu bila yeye kula. Ule uso wa hatia haukufuata kosa, ulifuata kugombezwa, na wasio na kosa waliogombezwa walijikunja vilevile kama si zaidi. Yaani anaisoma hasira yako, shimo la saa tano asubuhi keshalisahau. Chui baada ya kuchapwa mara mbili tatu alijifunza kitu kimoja tu, nikiingia getini ajifiche chini ya gari. Mashimo yaliendelea.

Kumkatiza wakati anachimba ni tofauti kabisa, unapiga makofi mara moja au unamwita jina, akiacha unampeleka kwenye chake. Hiyo inahitaji uwepo, na kama haupo mchana basi usimlaumu mchana, mwekee mazingira.

Kuhasi

Kama shimo ni la ukutani na mbwa ni dume, na linatokea kwa vipindi, angalia mtaani kama kuna jike kwenye joto. Majike wengi wanaingia joto mara mbili kwa mwaka, kila mara wiki tatu hivi, na dume atachimba hata chini ya zege kama ana muda. Wavu unamchelewesha, kuhasi kunampunguzia hamu yenyewe. Lakini asikudanganye mtu kwamba ukimhasi ataacha kuchimba kwa sababu ya joto la jua au upweke, havihusiani. Kwa Popi upasuaji ulimaliza zile mimba za uongo na ule wizi wa viatu. Unafanywa na daktari wa mifugo, sio yule kijana wa dawa za kuku, na ukiwa Morogoro au njia hiyo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama.

Na mtorokaji yeyote, umemhasi au hujamhasi, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, ya kwanza akifika miezi mitatu kisha kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, sikilizia serikali ya mtaa. Mbwa akichimba akatoka akang'ata mtu, shimo litakuwa dogo kuliko matatizo yote uliyonayo.

Mkufunzi

Wapo wazuri. Ila wengi tulionao mjini kazi yao ni kufundisha mbwa wa ulinzi, kukamata mkono, kushambulia kwa amri, na hilo ni somo lingine kabisa. Ukimpelekea mbwa mwenye hofu ya kuachwa atakurudishia mbwa mwenye hofu anayeng'ata. Muulize kwanza, "mbwa akichimba wewe unafanyaje?" Akianza kwa kukuuliza anachimba wapi, saa ngapi, anakula nini, anatoka mara ngapi, kaa naye mzungumze bei. Akianza kwa fimbo, mshukuru, msindikize getini.

Kilichonishinda

Fuko. Chui kwa sasa anachimba kwake, Popi kazeeka anachimba kidogo tu, lakini mvua ikinyesha udongo ukilainika fuko wanapita chini ya matuta na hapo hakuna mchanga wala Kong itakayomzuia mbwa yeyote mwenye masikio. Sumu ya panya siweki, fuko akifa juu mbwa atamla. Mtego nimejaribu, nimekamata wawili kwa mwaka mzima, Chui kwa usiku mmoja kakamata watatu na kuvuruga matuta manne. Mwisho wa yote mchicha tumeuhamishia kwenye viroba vya mbolea juu ya meza ya mabanzi, mama watoto anamwagilia akiwa amesimama mgongo haumuumi, na pale chini nimemwachia mbwa afanye kazi yake. Ndala za wageni siku hizi zinatundikwa kwenye misumari ukutani, zote mbili mbili.